Sura ya Sita: Walioliona Swali la Kumi na Mbili

"Ukishaingia, Inspekta, ndiyo umeingia," Msimamizi wa nyumba alisema, akizungusha ufunguo mara ya pili. "Kutoka ni Ijumaa saa sita mchana, karatasi za Kiingereza zikishakusanywa shule zote."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Inspekta alimgeukia taratibu kama mtu aliyetajiwa bei ya viatu ambavyo ameshavivaa.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuuliza maswali, niandike, niondoke."

"Fundi bomba naye mwaka juzi alikuja kuziba bomba. Alikaa siku tisa. Aliondoka hapa bingwa wa karata."

"Mkuu hakuniambia hilo."

"Angekuambia, ungekuja?"

Msimamizi hakungoja jibu. Alinyoosha mkono, akapokea simu ya Inspekta, akaitia kwenye mfuko wa kitambaa, akafunga kamba na kupiga lakiri juu ya fundo. Alifanya hivyo bila ubaya wowote usoni. Alikuwa mtu mzima mnene, mwenye funguo nyingi kiunoni, na kila alipopiga hatua zililia, kwa hiyo humo ndani hakuna aliyeweza kushtukizwa naye.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya chini, ya zamani, na madirisha yake yalizibwa kwa matofali siku nyingi. Taa ziliwaka mchana kutwa. Kulikuwa na chumba cha kupigia chapa, chumba cha mtambo, ghala ya karatasi, chumba cha kulia, na vyumba viwili vya kulala, cha wanaume na cha wanawake. Uani palikuwa na tanuri la kuchomea taka, na juu ya ua palitandazwa wavu wa chuma. Palikuwa na kidirisha kimoja tu cha kuongea na dunia, kipana kiasi cha kupitisha sinia, chenye mlango ndani na mlango nje. Chakula, wino na karatasi viliingia hapo. Kilichotoka ni sufuria tupu, zikiwa zimeoshwa na kukaguliwa na Msimamizi mwenyewe. Hata maganda ya machungwa yalichomwa.

Humo ndani ndimo mitihani ya taifa ilimochapwa, na waliokuwemo walikuwa wamefungiwa, sasa siku ya kumi na mbili. Sheria yao ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuiishi: aliyeuona mtihani haonani na mtu mpaka mtihani ufanywe.

Jana asubuhi mambo yaliharibika. Katika dawati la mwanafunzi mmoja wa shule ya upili ilikutwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa kwa mkono, ikiwa na swali la kumi na mbili la mtihani wa Kiingereza wa Ijumaa. Swali lilikuwa na sentensi tano, na kila moja ilikuwa na neno *only*. Mtahiniwa alitakiwa kueleza, katika kila sentensi, neno hilo limemfungia nani au nini, na kwa nini. Mwenye dawati alisema kaikopa kwa mwenzake, mwenzake akasema kaikuta, na hapo kamba ikakatika. Mkuu wa mitihani alitoa nakala ya mswada wa mtunzi iliyokuwa kwenye kasha lake la chuma, akalinganisha. Neno kwa neno. Koma kwa koma.

Kidole hakikutafuta sana pa kuelekea. Bibi Chapa, mpiga chapa wa nyumba ile, alikuwa na mjukuu katika shule hiyohiyo, tena mjukuu wake wa pekee, anayemlea tangu mama yake alipofariki. Mkuu alikwishaandaa barua. Saa kumi jioni gari lingeondoka na orodha ya mwisho ya watahiniwa, na kama hadi saa hiyo hangeletewa jina jingine, jina la binti huyo lingefutwa. Asingefanya mtihani Ijumaa, wala mwaka ujao, wala mwaka wa tatu. Bibi naye, mlango ukifunguliwa, angepokelewa na askari.

Inspekta alikuwa na saa sita, daftari, na nakala ya ile karatasi kwenye mkoba. Alikuwa ameisoma njiani mara nne. Mwandiko ulikuwa wa kitoto, na sentensi tano zilikuwa na majibu chini yake. Pembeni kulikuwa na alama za vema, na juu, ndani ya duara, tatu na nusu juu ya tano. Mkuu alisema watoto wamejisahihisha wenyewe. Inspekta hakubisha, ila aliandika daftarini: *Nani anasahihisha mtihani wa wizi?*

Alianza na Bibi Chapa.

Alimkuta kwenye mashine, mgongo wima, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Alikuwa mama wa miaka hamsini na tisa, mwembamba, mwenye vidole virefu visivyotulia. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kiti hicho kina mguu mbovu, egemea kushoto."

Inspekta aliegemea kushoto. "Unajua kwa nini nimekuja."

"Najua. Kuta za humu zina masikio kuliko watu. Jana Msimamizi alipoongea na Mkuu kwenye simu, sote tulisikia, mimi na Mwalimu na Mhakiki na fundi mtambo, hata mpishi na pilipili zake mkononi. Wakanyamaza wote. Leo asubuhi nimesalimia, nikaitikiwa na mpishi tu."

"Mjukuu wako umeongea naye lini?"

"Siku kumi na mbili zilizopita. Nilimwambia asisahau kufunga bomba la maji."

"Kiingereza unakijua?"

"Nakijua kwa macho. Miaka ishirini na nane nakipiga chapa, sijawahi kukielewa. Ndiyo maana waliniweka. Anayeelewa huharakisha, akaruka herufi. Mimi kila herufi naiona kama mgeni."

Inspekta alifungua daftari. "Prufu za karatasi ya Kiingereza zilitoka saba, za kusahihishia. Msimamizi ameandika zilizochomwa sita. Ya saba iko wapi?"

Vidole vya Bibi Chapa vilitulia. Hilo Inspekta aliliona, na moyo wake ukashuka kidogo, kwani alikwishaanza kumpenda.

"Mama, hiyo ya saba ndiyo itakayokutia ndani. Sema ilipo."

"Nikisema, utanicheka."

"Sijacheka tangu nifungiwe."

Bibi Chapa aliinama, akainyanyua meza kwa bega, akavuta kitu chini ya mguu wake wa nyuma. Kilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imebanwa hadi ikawa ngumu kama kigae. Meza iliposhuka, ilicheza kushoto, ikacheza kulia, mashine nayo ikatikisika.

"Nikipiga herufi inacheza, nikipiga inacheza," alisema. "Niliomba kipande cha mbao, nikaambiwa mbao haimo kwenye orodha ya vitu vinavyopita kidirishani. Nifanye nini? Nilijua ni kosa. Ndiyo maana sikusema."

Ndivyo walivyo watu waliotunza sheria maisha yao yote. Wakivunja moja kwa ajili ya meza, wanaona haya kuliko mwizi.

Inspekta aliikunjua polepole isichanike. Karatasi ilikuwa na vumbi, na mikunjo yake ilikuwa nyeupe, haikuwa imeguswa siku nyingi. Alitafuta swali la kumi na mbili. Akatoa nakala ya mwanafunzi, akaziweka sambamba. Sentensi ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, kwenye nakala ya mwanafunzi, ilisema kwamba fundi cherehani, *tailor*, aliahidi tu kuja Jumatatu. Kwenye prufu aliyeahidi alikuwa seremala, *carpenter*.

Alizisoma tena zote mbili, kidole kwa kidole.

"Mama, njoo uangalie. Neno hili na hili."

Bibi Chapa alivaa miwani vizuri. "Hili langu lina herufi tisa. Hilo lako lina sita."

"Hili la herufi sita uliwahi kulipiga?"

"Mwaka jana. Mwaka jana lilikuwepo, ukurasa wa tatu, katikati, nakumbuka kwa sababu mtambo ulikuwa ukilitia wino mzito. Mwaka huu sijalipiga. Nimepiga la tisa tangu prufu ya kwanza."

"Una hakika?"

"Mwanangu, mimi sijui maana ya hata moja. Nitachanganya nini?"

Inspekta aliikunja prufu, akaitia kwenye bahasha, akaandika saa. Ilikuwa saa tano na robo. Kisha akachukua gazeti kuukuu lililokuwa limefunika mashine, akalikunja, akainama akalisukuma chini ya mguu wa meza. Bibi Chapa alimtazama akifanya hivyo.

Mhakiki alikuwa ghalani, akihesabu bunda za karatasi. Kazi yake ilikuwa kuupitia mtihani baada ya mtunzi, kuupogoa na kuunyoosha. Alikuwa mama mkavu, wa maneno machache, na alijibu kana kwamba kila neno lilitoka mfukoni mwake.

"Fundi cherehani alikuwepo kwenye mswada," alisema. "Nilimtoa."

"Lini?"

"Siku ya pili tukiwa humu. Mwaka jana kulikuwa na fundi cherehani. Kanuni inakataza kurudia mtu wa mwaka jana. Nikamweka seremala."

"Bibi Chapa aliuona mswada?"

"Hapana. Anapiga kutoka nakala safi niliyoiandika mimi. Mswada umo kwenye sanduku la kufuli mbili, ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine Msimamizi. Haujafunguliwa tangu siku hiyo."

"Na wewe mswada uliuona lini kwa mara ya kwanza?"

"Humu humu. Bahasha ilifika na lakiri yake, nikaifungua mbele ya watu wanne. Wote wametia sahihi." Kisha akaongeza, "Uliza Msimamizi."

Inspekta alimwuliza Msimamizi, akaoneshwa kitabu, sahihi nne na lakiri iliyobanduliwa ikiwa imegundishwa pembeni. Njia ikawa nyembamba. Karatasi ya mwanafunzi ilikuwa na fundi cherehani. Fundi cherehani alifariki, tuseme hivyo, siku ya pili ndani ya nyumba hii, kabla Bibi Chapa hajapiga herufi hata moja. Kwa hiyo swali halikutoka humu. Lilitoka kabla milango haijafungwa, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa na mswada mkononi.

Aliomba simu. Ilikuwa moja tu, ofisini kwa Msimamizi, nayo ilikwenda kwa Mkuu na kwingine hapana. Msimamizi alimpa mkono wa simu, kisha akaweka kidole chake kinene juu ya kitufe cha kukatia.

"Ukitaja neno lolote lililomo kwenye karatasi, nakata," alisema. "Si kwamba sikuamini. Kanuni haimjui mtu."

Mkuu aliitika mlio wa kwanza. "Amekiri?"

"Nani?"

"Mpiga chapa. Nani mwingine?"

"Si yeye. Ulilinganisha ile karatasi na nini?"

"Na mswada ulio kashani mwangu. Neno kwa neno."

"Na iliyochapwa humu umeiona?"

"Siruhusiwi kuiona. Hakuna mtu wa nje anayeruhusiwa."

"Basi wewe umeilinganisha na mswada tu, na mimi ndiye pekee niliyeiweka kando ya iliyochapwa humu. Hazifanani, Mkuu. Ya mwanafunzi inafanana na ya kwako na hii ya humu ni tofauti."

"Tofauti iko wapi?"

"Kwenye sentensi ya tatu, yule fundi..."

Simu ilikufa. Msimamizi aliuinua mkono, akampa pole kwa macho, akapiga tena mwenyewe.

"Msimamizi wako amenikata," Inspekta alisema.

"Amefanya vizuri. Mimi nahitaji jina, Inspekta, sihitaji habari za mafundi."

"Kasha lako linafunguliwa na nani?"

"Na mimi peke yangu."

"Basi jina moja ninalo, nalo ni lako. Walioiona karatasi ya namna hiyo nje ya nyumba hii ni wewe na aliyeitunga."

Mtu wa cheo kile hakuzoea kuambiwa hivyo na mtu aliyemtuma yeye mwenyewe.

"Saa kumi," Mkuu alisema hatimaye. "Uniletee jina na kitu cha kulishikilia. Bila hivyo, barua inakwenda kama ilivyo."

Mtunzi alikuwa katika chumba cha kulia, peke yake, mbele ya kikombe cha chai kilichokwisha. Humo ndani walimwita Mwalimu Onli, na huko nje pia, shule tatu alizofundisha zilimwita hivyo. Alikuwa mzee nadhifu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu. Sheria ilimtaka mtunzi awe ndani ili aulizwe panapokuwa na utata. Alimwamkia Inspekta kwa kumvutia kiti.

Inspekta hakutoa karatasi yoyote. Alikaa tu.

"Wanasema neno hili, *only*, ni lako, Mwalimu."

Uso wa mzee ulifunguka. Kuna watu ukiwatajia ndama wao wanaona ng'ombe mzima. "Miaka thelathini na moja nalifundisha. Ni neno dogo, kila mwanafunzi anadhani analijua. Ni mlinzi wa mlangoni, Inspekta. Linasimama karibu na neno moja na kuwaambia mengine yote yabaki nje. Chukua sentensi: mwalimu alimpa mtoto kitabu. Liweke karibu na mwalimu, basi ni mwalimu peke yake, hakuna mwingine. Lisogeze kwenye kumpa, basi alimpa tu, hakumfundisha kukisoma. Lisogeze kwa mtoto, wenzake wamekosa. Lisogeze kwenye kitabu, hakupata kalamu."

"Na hapo limekwisha?"

"Limekwisha wapi? Mtoto wa pekee, ni lilelile. Ningekuja ila nauguza, mahali pa hiyo 'ila', kwa Kiingereza wanaweza kutumia lilelile. Wakilitangulizia 'kama', linageuka 'laiti'. Na Waingereza wenyewe wakiongea hulitupa popote, wakitegemea msikilizaji ataelewa. Kwenye mazungumzo hakuna shida. Kwenye mtihani linaua watoto."

"Nipime mimi."

Mwalimu alicheka. "Wewe?"

"Nina siku tatu humu. Afadhali hili kuliko karata."

Mwalimu hakubembelezwa mara mbili. Alichukua ukurasa wa daftari la Inspekta, akaandika sentensi tano za Kiingereza kwa kalamu ya buluu, mwandiko ulionyooka kama uzio. Inspekta aliandika majibu yake chini ya kila moja. La tatu alilijibu kwa maneno manne tu, makusudi, bila kutoa sababu. Akarudisha.

Mzee alitoa kalamu nyekundu. Alisahihisha haraka, kama wafanyavyo waliosahihisha maelfu. Vema. Vema. Kwenye la tatu mkono ulisita, ukaweka vema, kisha ukaikata mkia kwa kistari kifupi cha kulala. Vema. Kosa. Juu akachora duara, akaandika ndani yake tatu na nusu.

"Hii iliyokatwa ni nini?" Inspekta aliuliza.

"Nusu. Jibu ni sahihi, sababu hukutoa. Walimu wengine huandika namba. Mimi naikata mkia, mtoto akumbuke kwamba kuna kitu alikiacha."

"Walimu wengine wanafanya hivyo?"

"Sijapata kumwona."

Hapo ndipo Inspekta alipofungua mkoba. Aliiweka ile nakala mezani, mbele ya kikombe, kando ya ukurasa wake. Ilikuwa imetolewa kwa mashine, haina rangi, lakini sentensi ya tatu ilikuwa na vema, na vema ilikuwa imekatwa mkia.

Mwalimu Onli aliitazama. Aliifunika kalamu yake nyekundu, akairudisha mfukoni, ikakosa mfuko, akajaribu tena.

"Karatasi hii sikuwa nimeoneshwa," alisema.

"Najua. Ingekuwa umeoneshwa, usingenisahihishia mimi."

Mtambo ulikuwa ukinguruma upande wa pili wa ukuta. Mwalimu aliusikiliza muda, kama mtu anayengoja umalize ili aseme.

"Nilikuwa nalionja," alisema. "Nina watoto wanane wanaokuja sebuleni kwangu likizo, wa shule mbalimbali. Nikatunga swali, nikaliona zuri, nikaogopa. Je, ni gumu mno? Huwezi kujua swali gumu kwa kulitazama, Inspekta. Mpishi hapakui chungu asichokionja. Nikalichanganya na maswali mengine ishirini. Wakafanya, nikasahihisha, nikaona linafaa. Nikalipeleka. Nilidhani watasahau. Watoto husahau kila kitu unachowafundisha, ila hiki ndicho walichokumbuka."

"Kanuni inakataza."

"Inakataza. Kila mtunzi anaijua. Na kila mtunzi mzuri anaonja."

"Jana ulisikia simu ya Msimamizi. Ulisikia wanamtaja Bibi Chapa."

Mzee alisogeza kikombe kitupu kando.

"Nakuuliza, Mwalimu. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na leo asubuhi amekusalimia, hukuitika."

"Ningemwitikiaje?" Sauti yake ilipasuka. "Nilijiambia wataona wenyewe kwamba si yeye. Watatafuta, watakosa, watamwacha. Sikutaka afungwe. Nilitaka tu lipite. Nimebakiza mwaka mmoja, Inspekta. Shule tatu. Kila kijana anayeongea Kiingereza mji ule alipita mkononi mwangu. Nikisema, hayo yote yanakuwa historia ya mtu aliyevujisha mtihani."

Inspekta alikuwa na hasira, na hakuona haja ya kuificha. "Kuna binti wa miaka kumi na saba ambaye saa kumi anafutwa jina. Hajawahi kukanyaga sebule yako. Mtego wa panya tunaujua, huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Lakini wewe ulikuwa umesimama kando ya mtego, unamtazama akiingia. Andika."

Alimsukumia daftari. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Mwalimu aliandika polepole, kwa ile buluu, na alipomaliza alilirudisha. Inspekta alisoma: alijaribu swali moja tu, kwa watoto wanane tu, mara moja tu, kwa nia njema tu.

"Futa hizo 'tu'," alisema. "Zote nne."

"Lakini ni kweli. Lilikuwa moja."

"Ni kweli. Na kila unapoweka 'tu', mzigo wako unapungua, na Mkuu atatafuta wa kubeba uliobaki. Futa."

Alifuta. Akatia sahihi, Mhakiki akashuhudia bila kuinua macho, bahasha ikapigwa lakiri. Saa tisa na dakika arobaini na tano Msimamizi alifungua mlango wa ndani wa kidirisha, akaiweka, akafunga. Walisikia wa nje ukifunguka, mkono wa mtu wasiyemwona ukachukua, nao ukafungwa.

Simu ililia saa kumi kasoro dakika mbili. Inspekta aliipokea, kidole cha Msimamizi kikiwa mahali pake.

"Nimesoma," Mkuu alisema. "Alinifundisha, unajua. Kidato cha pili."

"Binti?"

"Jina lake limebaki. Gari linaondoka." Inspekta alisikia karatasi zikipangwa upande wa pili. "Swali hilo litolewe, liwekwe la akiba. Mhakiki analo. Bibi apige upya ukurasa wote, na mtambo uanze leo hii hii, usipozimwa huenda tukawahi."

"Na Mwalimu? Nimtoe, aje achukuliwe?"

"Umtoe wapi? Ameuona mtihani. Anakaa humo hadi Ijumaa, kama wewe."

"Na kazi yake?"

"Hatuna mtunzi mwingine humo ndani. La akiba alilitunga yeye pia. Prufu lazima isomwe na mtunzi kwa sauti, mpiga chapa akifuata kwa macho. Kanuni haimjui mtu, Inspekta."

Msimamizi, aliyekuwa akisikia yote, aliitikia kwa kichwa.

Bibi Chapa alipoambiwa kwamba mjukuu wake atafanya mtihani, alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa, akaivua tena. Alilia kidogo, bila kelele. Kisha akauliza ni nani aliyelivujisha. Inspekta alimwambia, kwani alikuwa na haki ya kujua, na kwa sababu baada ya dakika kumi angemwona akiingia.

Mwalimu Onli aliingia na karatasi ya akiba mkononi. Vilikuwepo viti viwili tu katika chumba kile, cha Bibi, na kile chenye mguu mbovu kando yake, bega kwa bega. Alisimama mlangoni. Inspekta alikuwa ameegemea ukuta ndani, hakuwa na pengine pa kwenda.

"Mama," Mwalimu alisema. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilijua, nikanyamaza. Sina la kujitetea."

Bibi Chapa hakugeuka. Alikuwa akiingiza karatasi mpya kwenye mashine, akiinyoosha kingo.

"Ningekuwa nyumbani kwangu," alisema, "ningekufungia mlango, ukaongea na ubao. Ningekutana nawe njiani, ningevuka upande wa pili. Baada ya mwezi, au mwaka, moyo ungepoa, nikakuitikia salamu. Ndivyo watu wanavyosameheana, Mwalimu. Wanapeana nafasi. Humu nafasi iko wapi? Leo nakula na wewe. Kesho nakula na wewe. Ukikohoa kule chumbani nakusikia." Aligonga herufi moja kujaribu wino. "Hata kukukasirikia umeninyima."

Mwalimu alishusha macho. Msimamizi alipita koridoni, funguo zikilia, akavuta mlango wa chumba cha kupigia chapa ukajifunga.

"Kaa," Bibi Chapa alisema. "Egemea kushoto. Nisomee."